Pande zima la ng'ombe kwenye sufuria, pamoja na mboga zake

Pande la nyama ya ng'ombe likishakaa motoni muda wa saa mbili huwa gumu kuliko lilivyoingia. Ukilichoma uma, uma unagoma. Ukionja kipande, unatafuna mpaka taya zinauma. Hapo ndipo wengi huongeza moto kwa hasira, au huipua na kumlaumu mwenye bucha. Nyama hiyo haijaharibika, haijaiva tu. Iache kwenye moto uleule mdogo saa nyingine moja na nusu.

Kinachotokea ni hiki. Joto la ndani likifika 60 hadi 65 °C, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake, ndiyo maana pande husinyaa na kukakamaa. Kano na ngozi nyeupe zinazozishika nyuzi hizo, yaani kolajeni, huanza kulegea taratibu kwenye kama 70 °C, na zikikaa muda mrefu kwenye 85 hadi 95 °C huyeyuka zikawa ute. Ute huo ndio unaofanya nyama iteleze mdomoni na mchuzi unate midomoni. Kwa hiyo ugumu huja kwanza, ulaini baadaye, na katikati hakuna njia ya mkato ila presha kuka, ambayo tutaigusa mbele.

Bucha

Fileti na sarara ziache. Ni nyama za bei, hazina kolajeni ya kutosha, na saa tatu motoni huzigeuza mbao. Omba bega, shingo au kidari. Bega ndilo bora kwa kazi hii: lina mafuta kiasi, lina kano, na likiiva hukatika vipande vizuri. Kidari kina ladha zaidi lakini kinataka nusu saa ya ziada na mafuta yake ni mengi. Muundi hutoa mchuzi mzito kuliko yote, ila usitegemee kukata vipande vya kupanga sahanini, utamomonyoka. Paja hupatikana kirahisi na linapendeza macho, lakini ni kavu. Kama ndilo pekee lililopo, mwombe muuzaji akuwekee na kipande cha mafuta cha kufunika juu.

Sema mapema, kabla hajainua shoka, kwamba unataka pande zima la kilo 2 lisilo na mfupa. Nyama ya vipande vidogo ni mchuzi wa kawaida, ni pishi jingine.

Mambo mawili ya kwetu hayamo kwenye maelekezo ya Ulaya na Marekani. La kwanza, ng'ombe wengi tunaokula ni wa kienyeji, wamekula majani na kutembea sana, hawana mafuta mengi ndani ya nyama. Muda wa saa mbili na nusu ulioandikwa kwa ng'ombe wao wa kunenepeshwa kwa nafaka hautoshi kwa wetu. La pili, nyama nyingi huchinjwa usiku na kuuzwa asubuhi, ikiwa bado imekakamaa kwa kifo. Ukiipika siku hiyohiyo utapigana nayo. Iweke kwenye friji siku mbili, juu ya wavu au sahani, bila kuifunga kwenye mfuko wa plastiki. Italegea, na ngozi yake ya juu itakauka, jambo utakalolifurahia wakati wa kukaanga. Ikiwa imeganda kwenye friza, iyeyushe ndani ya friji kwa siku nzima, wala si kwenye beseni la maji ya moto.

Vipimo, kwa watu 6 hadi 8

Nyama kilo 2. Chumvi laini vijiko vya chai 4 visivyojaa kilima, kama gramu 24. Pilipili manga iliyotwangwa kijiko cha chai 1½. Mafuta ya kula vijiko vikubwa 3. Vitunguu maji vikubwa 3. Vitunguu saumu punje 8. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Nyanya ya kopo, ile nzito, vijiko vikubwa 2. Maji ya moto au supu ya mifupa nusu lita. Nusu kijiti cha mdalasini na karafuu 3, zisizidi. Karafuu 6 zitafunika kila kitu. Tawi moja la rozimari ukilipata. Karoti nusu kilo, viazi kilo 1, maharage mabichi robo kilo. Siki au maji ya limau kijiko kikubwa 1, ya kumalizia.

Usishangae kuona nyama imepungua karibu theluthi ikishaiva. Ndivyo inavyokuwa, hujaibiwa.

Chumvi kwanza, jana yake

Paka chumvi na pilipili manga pande zote usiku wa kuamkia siku ya kupika, urudishe friji. Chumvi huingia polepole sana. Ikipakwa dakika kumi kabla, hubaki juu na ndani pakawa hapana ladha. Ukiwa huna usiku mzima, hata saa nne husaidia.

Papai bichi liache kwenye mishkaki. Utomvu wake huvunja nyama kweli, lakini haupenyi kwenye pande nene: nje hugeuka uji wakati katikati hakujaguswa.

Kukaanga

Toa nyama friji saa moja kabla. Ikiwa una desturi ya kuiosha, osha kabla ya kuipaka chumvi, na sasa ikaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke kikavu. Hatua hii inarukwa sana. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka, na utapata rangi ya kijivu badala ya kahawia.

Sufuria iwe nzito, yenye kifuniko kinachokaa vizuri. Sufuria nyembamba za alumini huunguza chini huku juu kukiwa baridi. Pasha mafuta mpaka yaanze kutembea kama maji, kisha laza pande na usiliguse. Mwanzoni litalia kwa nguvu. Sauti ikishuka na kuwa mchirizo mwembamba, kama dakika 4 au 5, jaribu kulinyanyua. Likishikilia sufuria, halijawa tayari. Likiachia lenyewe, geuza. Fanya hivyo pande zote pamoja na ncha mbili, jumla dakika 20 hivi. Rangi unayoitaka ni ya maganda ya korosho zilizokaangwa, si ya mkaa.

Wengi husema kukaanga huku kunafunga maji yasitoke. Si kweli, maji yatatoka vilevile. Tunakaanga kwa ajili ya ladha, na hasa kwa ajili ya ukoko unaobaki chini ya sufuria.

Toa nyama. Punguza moto, tia vitunguu maji vilivyokatwa vipande vinene na chumvi kidogo, koroga dakika 8 mpaka vilegee na kuanza kubadilika. Tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, dakika moja. Tia nyanya ya kopo na uikaange dakika 3, mpaka wekundu wake mkali ugeuke kama matofali na mafuta yajitenge pembeni. Ikibaki mbichi, mchuzi utakuwa na uchachu wa kopo. Sasa mimina maji ya moto na ukwangue ukoko wote kwa mwiko wa mbao. Ukiwa umeungua ukawa mweusi, usiukwangue: hamisha vitunguu kwenye sufuria nyingine, kwa sababu uchungu huo hautoki tena.

Rudisha nyama pamoja na viungo. Maji yafike theluthi ya urefu wa pande, si zaidi. Ukilizamisha utapata supu nzuri na nyama iliyopauka.

Moto

Acha itokote mara moja, kisha shusha moto mpaka uone kiputo kimoja kimoja kikipanda, hapa na pale, kama kila sekunde. Kuchemka kwa fujo hakuharakishi kitu: maji hayazidi joto lake la kuchemkia hata uyachochee vipi. Unachopata ni mvuke unaopotea na nyuzi za nje zinazopasuka na kukauka.

Joto hilo la kuchemkia pia halilingani kila mahali. Dar es Salaam au Mombasa ni 100 °C. Nairobi, Mbeya au kwingineko kwenye kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takribani 94 °C tu. Aliye nyanda za juu aongeze nusu saa hadi dakika 45, viazi navyo avipe muda zaidi.

Kwa oveni, weka 150 °C, sufuria imefunikwa, katikati ya oveni. Oveni ndogo za mezani mara nyingi husema uongo na nyaya zake za juu ziko karibu mno na kifuniko. Tandaza foili juu ya sufuria kabla ya kufunika na anza na 140. Kifuniko kikilegea, kizibe kwa kamba ya unga wa ngano uliokandwa, kama wanavyoziba biriani.

Kwa gesi, tumia kichomeo kidogo kabisa. Ikiwa hata hapo inachemka sana, weka kikaango kizito cha chapati chini ya sufuria kigawanye moto.

Kwa mkaa, mambo ni mazuri ukijua kupalia. Moto ukishashika vizuri, punguza makaa ya chini, yafunike majivu, funga mlango wa jiko, na weka makaa machache juu ya kifuniko cha bati, kama ya mkate wa kumimina. Nyama itaiva kutoka juu na chini. Ongeza makaa yaliyokwisha kuwaka kila dakika 40 hivi. Mkaa mbichi ukiuweka juu hutoa moshi na baridi kwa pamoja. Jiko likae nje au penye upepo wa kutosha. Saa nne za mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hujaza hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Geuza pande kila baada ya saa moja. Maji yakikauka, ongeza kikombe cha maji ya moto. Ya baridi yatashusha joto na kukurudisha nyuma.

Mboga huingia lini

Mboga zikiingia mapema na nyama, utakula uji wa karoti. Zisubirishe mpaka uma uanze kuingia kwa kusukuma kidogo, kwa kawaida kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Hapo weka karoti zilizokatwa vipande vya urefu wa kidole. Baada ya dakika 15 weka viazi, kila kimoja nusu au robo kulingana na ukubwa. Maharage mabichi yaingie dakika 15 za mwisho, yabaki ya kijani.

Viazi vinavyovurugika haraka, kama Shangi ya Kenya, vikate vikubwa na uviweke juu ya mchuzi, visizame. Viazi vikikataa kuiva ingawa muda umepita, angalia nyanya na siki: uchachu hufanya mboga zishikilie ugumu. Ndiyo maana siki ni ya mwisho kabisa, na nyanya ni vijiko viwili tu.

Jumla, pande la kilo 2 hutaka saa tatu na nusu hadi nne na nusu. Kipimo cha kweli ni uma: uchomeke katikati penye unene, uzungushe kidogo. Nyuzi zikiachana bila ubishi, limeiva. Ukinyanyua uma na pande likanyanyuka nalo, bado. Mwenye kipimajoto atafute 93 °C hivi katikati.

Kwa presha kuka, kaanga vilevile, tia robo lita tu ya maji kwa sababu hayapotei, na upike dakika 70 tangu ianze kulia. Iache ishuke yenyewe. Mboga pika baadaye kwenye mchuzi huohuo bila kufunga presha. Ladha ya mchuzi haifiki ile ya moto mdogo, lakini mkaa na gesi vina bei.

Kupakua

Toa nyama kwenye ubao, ifunike, iache dakika 20. Mboga weka sahani nyingine mahali penye joto. Engua mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi, kisha uchemshe bila kifuniko dakika 10 hadi ushike mgongo wa kijiko. Vitunguu vilivyoyeyuka vinatosha kuufanya mzito, unga hauhitajiki. Tia siki au limau, onja, ndipo uamue kuhusu chumvi. Ukiweka mapema, mchuzi ukipungua utakuwa maji ya bahari.

Kabla ya kukata, tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kuzikingama, vipande vya unene wa kidole. Ukikata kufuata nyuzi, hata nyama laini itakuwa na kamba mdomoni. Ikianza kumomonyoka kwa ulaini, achana na kisu, itenganishe kwa uma mbili na uimwagie mchuzi.

Itakayobaki ilale ndani ya mchuzi wake, iingie friji ndani ya saa mbili. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, unayanyanyua kama kifuniko, na nyama ya baridi hukatika nyembamba bila kuvunjika. Ipashe moto humohumo kwenye mchuzi, polepole, na uimalize ndani ya siku tatu.