Kupima vumbi analovuta mkoboaji wa kahawa mjini Moshi

Kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, pima hewa anayovuta mtu, siyo hewa ya ukumbi. Anayemimina magunia kwenye mashine na anayechambua buni hawavuti vumbi sawa.

Pampu ndogo huvuta hewa kupitia kichujio kinachonasa vumbi. Kiache kichujio cha milimita 37 chumba cha mizani saa 24, kisha kipime uzito. Unganisha pampu, mpira na kishikio chenye kichujio ndipo urekebishe pampu ivute lita 2 kwa dakika. Ukiipima pampu bila kichujio, namba itakudanganya. Pampu ikae kiunoni, mpira upite mgongoni, kishikio kibanwe kwenye kola, kisizidi sentimita 30 kutoka puani, tundu likitazama chini.

Mpitie mfanyakazi kila saa. Mbebaji akitupia gunia begani, mpira hukunjika na pampu hukosa pumzi. Vumbi likiwa zito, badilisha kichujio katikati ya zamu, maana kikijaa hupukutisha vumbi.

Mwisho pima mvuto wa pampu tena. Tofauti na mwanzo ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo haifai. Saa 8 ni lita 960: kichujio kikiongezeka miligramu 1.92, ni miligramu 2 kwa mita moja ya ujazo. Toa kwanza badiliko la uzito wa vichujio viwili ulivyobeba bila kuvutia hewa.