Kuanzisha kazi ya ajaili katika timu ndogo ya programu, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa wiki sita na vijana watano waliokuwa wakitengeneza mfumo wa SACCOS moja mjini Morogoro. Waliniambia mapema kwamba wao ni timu ya ajaili (agile kwa Kiingereza), yaani inayojenga programu kwa vipande vidogo na kumwonyesha mtumiaji mara kwa mara, kwa kuwa walikuwa na kikao kila asubuhi na ubao wa mtandaoni wa Trello uliojaa kadi za kazi. Hata hivyo, miezi mitatu ilikuwa imepita na mhasibu wa chama, ambaye ndiye atakayeutumia mfumo huo kila siku, hakuwa ameona hata ukurasa mmoja unaofanya kazi. Nami niliwahi kupita njia hiyohiyo nilipoongoza timu kwa mara ya kwanza, na najua inavyovunja moyo, kwa hiyo nimeona ni vyema niandike tulichokifanya.

Neno ajaili lilipata maana yake ya sasa Februari 2001, watu 17 waliokuwa wakiishi kwa kazi ya programu walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi. Walisema wanathamini watu na mashauriano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba nyaraka, mikataba na mipango havina thamani, ingawa wapo wanaolitumia tamko lao kama ruhusa ya kutoandika chochote. Skramu (Scrum), ambayo nitaitaja mara kadhaa, ni utaratibu mmoja tu kati ya kadhaa zenye mwelekeo huo, na ulianza kabla ya tamko lenyewe: Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliueleza hadharani mwaka 1995.

Ninachukulia kwamba timu yako tayari inatumia Git, zana ya kutunza kila badiliko la programu, na ina seva ya majaribio, yaani kompyuta ya kujaribia programu kabla haijaanza kutumika. Hayo sitayaeleza.

Hatua ya 1: Mpate mtu mmoja mwenye neno la mwisho

Katika Skramu mtu huyu huitwa mwenye bidhaa. Kazi yake ni kuamua kipi kitangulie na kipi kisubiri, na lazima awe mtu mmoja. Kule Morogoro katibu, mwenyekiti wa bodi na mhasibu walikuwa wakipiga simu kila mmoja kwa wakati wake, na kila simu ilibadilisha kazi ya siku. Tuliomba bodi iteue mmoja, ikamteua katibu. Wengine waliendelea kutoa maoni yao, lakini kupitia kwake.

Hatua ya 2: Andikeni orodha ya kazi

Orodheni kila kinachohitajika, kila kimoja kwenye kadi yake, kisha mwenye bidhaa azipange kadi kuanzia ya muhimu zaidi. Msipoteze siku kuandika kwa undani kadi zilizo chini ya orodha, kwa maana nyingi kati ya hizo zitabadilika au kufutwa kabla hazijafikiwa.

Hatua ya 3: Kateni kazi kwa wima

Hapa ndipo nilipopoteza miezi nilipokuwa naanza, na hapa ndipo vijana wale walipokwama, kwa hiyo naomba msomaji asiipite hatua hii haraka.

Timu nyingi hukata kazi kwa mlalo. Mwezi wa kwanza hutengenezwa hifadhidata yote, mwezi wa pili mantiki yote ya seva, mwezi wa tatu kurasa zote, na mwisho ripoti. Kila mwezi timu inaona imesonga mbele, lakini hakuna kipande ambacho mtumiaji anaweza kukishika mpaka vyote vikutane, na vinapokutana ndipo makosa ya mwezi wa kwanza yanapojitokeza. Kukata kwa wima ni kuchukua kazi moja ndogo ya mtumiaji na kuijenga kuanzia hifadhidata mpaka kwenye skrini, hata kama inafanya jambo moja tu. Ni kama anavyojenga mtu anayetegemea mshahara wa mwezi kwa mwezi: hapandishi kuta za vyumba sita kwa pamoja, bali humaliza chumba kimoja, akakiezeka, akahamia, kisha akaendelea na vingine huku analala ndani.

Swali ninalolitumia kukata ni hili: kadi hii ikiisha, nani ataweza kufanya nini ambacho jana hakuweza? Kama jibu halimtaji mtu, kadi bado haijakatwa vizuri. Vijana walikuwa na kadi moja iliyoandikwa "Moduli ya marejesho", iliyokaa kwenye safu ya "Inaendelea" kwa wiki tano. Tuliikata tukapata hizi:

- Mhasibu anaingiza rejesho kamili la mkopo mmoja na kuona salio jipya.
- Mhasibu anaingiza rejesho pungufu.
- Mhasibu anaingiza rejesho lililozidi.
- Mwanachama anapewa risiti iliyochapishwa.
- Malipo yanayofanywa kwa simu yanaingia kwenye mfumo bila kuandikwa kwa mkono.

Kadi ya kwanza iliisha kwa siku tatu. Siku ya nne mhasibu alikuja na kaunta buku lake, akasalimiwa, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa wa mwezi uliopita na kuanza na mstari wa juu kabisa: mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 12, riba 72,000, rejesho la kila mwezi 56,000. Mwanachama huyo alikuwa ameleta 40,000. Mfumo ulimjibu kwa herufi nyekundu kwamba kiasi si sahihi. Akamgeukia kijana aliyeketi kando yake akamuuliza, "Sasa mwanangu, huyu nimrudishie hela yake?" Kijana akajibu, "Hapana mama, hilo mfumo haujafundishwa bado. Wewe huwa unafanyaje?" Naye akaeleza, kidole chake kikifuata safu za daftari: 6,000 inakwenda kwenye riba ya mwezi, 34,000 inapunguza mkopo, na 16,000 iliyobaki inaandikwa kama malimbikizo. Katika nyaraka ya mahitaji ya kurasa 40 waliyokuwa nayo, neno malimbikizo halikuwamo. Jedwali la marejesho lililokwisha kujengwa halikuwa na mahali pa kuligawa rejesho moja kati ya riba na mkopo, na kama lingegunduliwa hilo baada ya kurasa zote kukamilika, karibu kila ripoti ingeandikwa upya.

Njia hii ina tahadhari zake, na kila moja imenigharimu kwa wakati wake.

Kwanza, msikate mpaka kadi ipoteze maana. "Tengeneza kitufe cha kuhifadhi" ni kazi ya dakika chache ndani ya kadi, wala si kadi. Kwa upande mwingine, kadi inayoonekana kuzidi siku tatu za kazi ya mtu mmoja, ikateni tena.

Pili, kipande cha kwanza kitaonekana kinategemea vitu vingi ambavyo havijajengwa. Ili kuingiza rejesho lazima mkopo uwepo, na ili mkopo uwepo lazima mwanachama awe amesajiliwa. Msirudi nyuma kujenga usajili wote. Sisi tuliingiza wanachama kumi na mikopo yao moja kwa moja kwenye hifadhidata ya majaribio, tukaendelea.

Tatu, jambo linalosubiri idhini ya watu wa nje liombwe siku ya kwanza na lijengwe mwisho. Kuunganisha mfumo na malipo ya simu kunahitaji mkataba na kampuni husika pamoja na majaribio yao, na tarehe zake haziko mikononi mwenu. Kwa kuwa mhasibu aliweza kuandika malipo hayo kwa mkono katika kipindi hicho, kazi haikusimama.

Nne, yapo mambo ambayo hayakatwi wala kuahirishwa. Mfumo unaoshika akiba za watu unahitaji tangu kipande cha kwanza nywila kwa kila mtumiaji, kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi, na nakala rudufu inayofanyika kila usiku na ambayo mmekwisha kujaribu kuirejesha. Hata anayejenga chumba kimoja huchimba msingi wake kikamilifu.

Hatua ya 4: Kubalianeni maana ya "imekwisha"

Neno hili huleta ugomvi kuliko mengine yote. Mwandishi wa msimbo (maandishi ya programu) akisema imekwisha, mara nyingi maana yake ni kwamba inafanya kazi kwenye kompyuta yake. Andikeni masharti na kuyabandika ukutani. Yetu yalikuwa manne: mwenzako ameupitia msimbo, majaribio ya kiotomatiki yanapita, kipande kiko kwenye seva ya majaribio, na mhasibu amekitumia kwa mkono wake. Kadi isiyotimiza yote manne haihesabiwi, na msikubali jibu la "bado kidogo tu", kwa sababu kidogo hicho ndicho mara nyingi huwa nusu ya kazi.

Hatua ya 5: Wekeni mzunguko wa muda

Skramu inaruhusu mzunguko usiozidi mwezi mmoja. Kwa timu mpya mimi nasisitiza wiki moja, au mbili mkishindwa kabisa. Mwezi ni mrefu mno kwa watu ambao bado hawajajua kukadiria kazi yao. Mwanzoni mwa mzunguko chukueni kadi za juu ambazo timu yenyewe, si meneja, inaamini itazimaliza. Zikibaki kadi mbili mwishoni, msiongeze siku: fungeni mzunguko, zirudisheni kwenye orodha, mjue kwamba safari ijayo mtachukua chache.

Hatua ya 6: Ubao na kikao cha kila siku

Kama mnakaa chumba kimoja, wekeni karatasi ya manila ukutani yenye safu nne: Inasubiri, Inaendelea, Inapitiwa, Imekwisha. Nina imani kubwa na ubao wa ukutani. Jira, programu ya kufuatilia kazi, ni zana nzuri kwa timu iliyotawanyika, lakini watu watano waliokaa pamoja huwapa visanduku vingi vya kujaza kabla hawajajifunza kuzungumza. Wekeni pia kikomo cha kadi zinazoendelea, wazo lililotokana na kanban, utaratibu wa kuongoza kazi kwa kadi katika viwanda vya Toyota. Kwa watu watano, kadi tatu zinatosha, na asiye na kadi amsaidie mwenye nayo.

Kikao hufanyika mbele ya ubao, kwa kusimama, na hakizidi dakika 15. Pitieni kadi kuanzia kulia, iliyo karibu kuisha, mkiuliza inahitaji nini ili ivuke leo. Kila mtu kuripoti alichofanya jana hugeuza kikao kuwa taarifa kwa bosi, na watu huanza kujitetea. Tatizo linalohitaji mjadala wabaki nalo wawili wanaohusika baada ya kikao.

Hatua ya 7: Onyesheni kwa mtumiaji

Mwisho wa mzunguko mtumiaji atumie programu mwenyewe. Msimwonyeshe slaidi, na msishike kipanya kwa niaba yake.

Hatua ya 8: Kaeni mjitathmini

Saa moja inatosha, bila meneja ikiwa uwepo wake unawafunga watu midomo. Ulizeni nini kilisaidia na nini kilikwamisha, kisha chagueni jambo moja tu la kubadilisha, mliandike kwenye kadi yenye jina la atakayelisimamia, na mliweke juu kabisa ya orodha ya mzunguko unaofuata. Kule Morogoro, mzunguko wa pili ulionyesha kadi nne zimelala kwenye safu ya "Inapitiwa", kwa kuwa kila mmoja alipendelea kuanza yake mpya kuliko kusoma msimbo wa mwenzake. Wakakubaliana kwamba hakuna anayeanza kadi mpya wakati ipo inayosubiri kupitiwa, na kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kadi hiyo kuisimamia. Kufikia Jumatano ya wiki iliyofuata safu ilikuwa tupu, na rejesho pungufu lilikuwa tayari limejaribiwa na mhasibu kwa mistari yote ya ukurasa ule wa kaunta buku.