Choo cha ekosani cha chemba mbili: matunzo kabla ya masika, wakati wa masika na baada yake

Choo cha ekosani, yaani kinachotenga mkojo na kinyesi, hakiozeshi kinyesi kama biwi la mboji linavyofanya. Kinakikausha. Majivu yanaongeza ualkali, bomba la hewa linatoa unyevu, na muda unamaliza vimelea. Ndiyo maana kazi zote za mwaka zina shabaha moja: maji yasiingie ndani ya chemba. Ratiba hii ni ya kaya ya watu watano, yenye chemba mbili za karibu mita moja ya ujazo kila moja, mahali penye masika na vuli.

Januari na Februari: kubadilisha chemba

Badilisha wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu na joto. Fungua chemba iliyofungwa mwaka jana, itoe mbolea, kisha ufunge ile iliyojaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka kinyesi kikae zaidi ya mwaka mmoja penye joto la nyuzi 20 hadi 35, au zaidi ya miezi sita ikiwa pH, yaani kipimo cha ualkali, imevuka 9 muda wote huo. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 20 ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa hiyo mkaazi wa Makete au Limuru asifuate kalenda ya Tanga: akilazimika kutoa mapema, mzigo auhifadhi chini ya bati mpaka muda utimie. Msiharakishe hapa. Mayai ya minyoo ya mchango ni sugu kuliko vimelea vingine vingi vya chooni.

Vaa glavu na buti, na tumia koleo lisilotumika kwa kazi nyingine. Mbolea iliyo tayari ni kavu, inasagika mkononi na hainuki. Ukikuta mabonge yenye unyevu katikati, yatenge, changanya na majivu, funika kwa turubai na uyaache miezi sita mingine. Iliyo nzuri ifukie kwenye migomba, miti ya matunda au mashimo ya mahindi, na juu yake urudishe udongo. Usiipeleke kwenye mchicha, figili wala mboga yoyote inayoliwa mbichi.

Chemba ikiwa tupu, kagua sakafu. Ziba nyufa kwa saruji moja na mchanga tatu, iache ikauke kabisa, halafu tandaza maranda na majivu unene wa sentimita tano. Mlango wa nyuma uuzibe kwa udaka dhaifu, saruji moja kwa mchanga kumi, ili mwakani uvunjike bila kubomoa ukuta.

Kabla ya mvua ya kwanza

Weka akiba ya majivu. Kila anayejisaidia haja kubwa anamwaga vikombe viwili vya chai, kama mililita 400. Watu watano wanatumia lita mbili kwa siku, na masika ya siku 90 yanakula lita 180: madumu tisa ya lita 20. Chekecha majivu, hakikisha hayana kaa la moto, na funga madumu vizuri. Majivu yaliyolowa hayafyonzi kitu. Yakipungua, changanya nusu kwa nusu na maranda makavu au udongo mkavu uliochekechwa.

Chimba mfereji upande wa mteremko unakotoka maji. Bomba la hewa lipite paa kwa nusu mita, liwe na kofia na wavu wa nzi usiotoboka. Ondoa utando wa buibui ndani yake, kwa sababu huo peke yake unatosha kuzuia hewa.

Masika

Chungulia chemba kila wiki kwa tochi. Harufu kali ya amonia, ile inayochoma pua, mara nyingi ni mkojo unaoangukia kwenye kinyesi: kwa kawaida ni watoto wasiokaa sawasawa, au tundu la mkojo limeziba. Harufu ya uozo pamoja na funza ni dalili ya maji. Tafuta yanapoingilia kabla ya kumwaga majivu, la sivyo utajaza chemba bure. Mtu akiharisha, ongeza majivu mara mbili.

Pwani, ambako watu huchamba kwa maji, ndiko vyoo hivi huharibika zaidi. Maji ya kuchambia lazima yawe na sehemu yake na bomba lake, yaende kwenye shimo la kokoto au shina la mgomba. Shimo hilo likijaa, maji yatarudi chooni, kwa hiyo lisafishe mapema. Mgeni aelekezwe kabla hajaingia.

Mkojo usiumwage shambani wakati wa mvua kubwa. Nitrojeni nyingi itasombwa. Uhifadhi kwenye madumu yaliyofungwa.

Juni hadi Septemba

Kipupwe ni wakati wa bomba la mkojo. Ndani yake huganda mawe meupe, hasa kwenye viwiko. Mimina siki lita moja, iache usiku kucha, asubuhi suuza kwa maji ya moto mengi kuelekea kwenye dumu. Isiposaidia, fungua kiwiko ukikwangue kwa waya. Usitumie kiungo cha chuma, maana mkojo hukila. Bomba la plastiki la milimita 50 lenye mteremko usiokatika linatosha.

Mkojo uliohifadhiwa upeleke sasa kwenye bustani: sehemu moja kwa maji matatu hadi matano, kwenye kijifereji sentimita 10 kutoka kwenye shina, kisha ufunike. Lita moja na nusu ya mkojo, kabla ya kuuchanganya na maji, inatosha mita moja ya mraba kwa msimu. Acha mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, punguza kiasi, kwani mkojo nao una chumvi.

Vuli ni fupi. Rudia ukaguzi wa paa, mfereji na bomba la hewa mwishoni mwa Septemba, na uwe na madumu matano ya majivu.