Somo: Kufufua boti ya jeti ya zamani iliyotelekezwa, kwa anayeanza na mwenye fedha kidogo

Nimeandika somo hili ili nipate mahali pa kuwaelekeza watu, kwa sababu swali ni lilelile kila mara: mtu ameuziwa kwa bei ya kutupa boti ya jeti iliyokaa miaka mingi uani, Msasani au Kigamboni, chini ya turubai lililochanika, naye anauliza aanze na injini au na rangi. Asianze na chochote kati ya hivyo viwili. Aanze na maji yaliyojificha ndani ya mbao, kwa maana injini nzima ndani ya boti iliyooza ni fedha iliyotupwa baharini, ilhali ganda zima lisilo na injini linaweza kusubiri hata mwaka mzima bila hasara.

Kwa wasiozifahamu, boti hizi hazina rafadha (propela) inayoning'inia nje. Injini huzungusha pampu inayovuta maji kupitia wavu ulio chini ya tumbo la boti na kuyasukuma kwa nguvu kupitia mdomo ulio tezi, yaani nyuma ya boti. Ubunifu huu uliendelezwa na Bill Hamilton wa Nyuzilandi katika miaka ya 1950, kwa ajili ya mito yenye maji machache. Zile zilizoundwa Marekani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya maziwa na mito zina ganda la faiba lililoimarishwa kwa plaiwudi ndani, na injini kubwa ya silinda 8 iliyotokana na ya gari. Hazikuundwa kwa maji ya chumvi, na jambo hilo litajitokeza tena na tena hapa chini.

Hatua ya 1. Kagua kabla ya kulipa.
Chukua nyundo ndogo ya plastiki ugonge ubao wa tezi, sakafu, na mihimili ya urefu iliyobeba injini. Mbao nzima hutoa mlio mkavu wa juu; mbao iliyooza hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha omba ruhusa utoboe tundu dogo kwa drili upande wa ndani, sehemu ya chini kabisa ya ubao wa tezi, na utazame unga unaotoka. Ukiwa mkavu na wa rangi ya mbao, una bahati. Ukitoka mweusi, umeshikana kama tope na una harufu ya uchachu, ujue ubao wote utabadilishwa, na bei ipungue kulingana na hilo.

Hatua ya 2. Hakikisha muuzaji ana karatasi za umiliki, na uulize TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) mapema kuhusu usajili na ukaguzi.

Hatua ya 3. Ondoa maji na takataka zote ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kulifungua, na hifadhi nati katika vikopo vyenye majina.

Hatua ya 4. Itegemeze boti na upime.
Faiba ikiondolewa mihimili yake hulegea na kubadilika umbo, na ukibandika mihimili mipya wakati ganda limepinda, umelikausha katika upinde huo daima. Weka vitegemeo vingi chini ya tumbo, tumia pimamaji pande zote, wala usiondoe sitaha na mihimili yote kwa wakati mmoja. Kwenye boti ya jeti kuna jambo la ziada: pampu imefungwa kwenye ganda lenyewe, na injini imekaa juu ya mihimili, hivyo mhimili mpya ukipishana na wa zamani hata kidogo tu, injini na pampu hazitakuwa tena katika mstari uliokusudiwa, na viungo vya shafti vitajila. Pima urefu wa kila mhimili, kimo chake, na umbali wake kutoka katikati, uandike kabla ya kuwasha grainda.

Hatua ya 5. Kata yaliyooza na uache boti ikauke.
Vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Fomu (sponji ngumu ya kuelea) iliyo chini ya sakafu, ikiwa imenyonya maji, itolewe yote. Msimu unaofaa zaidi kwetu ni kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Anayeifungua boti mwezi Aprili pasipo paa anajitafutia kazi ya kufua maji kila asubuhi.

Kuhusu plaiwudi ya kubadilishia mbao zilizooza, mbao laini zenye ngozi nyeusi au ya kahawia zinazotumiwa na mafundi wa zege si badala yake, kwa sababu ngozi ile huzuia rezini kushika, na tabaka za ndani mara nyingi zina mapengo. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, ukichemshe jikoni kwa saa kadhaa, kisha jaribu kukipasua tabaka kwa kisu. Gundi ikiachia, usinunue, hata kama muuzaji anaapa.

Hatua ya 6. Kubandika faiba.
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na mimi mwenyewe nimewahi kufumua kazi ya namna hii na kuianza upya, kwa hiyo naomba isomwe polepole. Rezini ya poliesta hukomaa kwa kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), na kiasi cha hadina ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Kwa joto la Dar es Salaam, asilimia 1 inatosha: kilo 1 ya rezini kwa takriban gramu 10 za hadina. Wengi wakiona rezini inaganda upesi hupunguza hadina chini ya hapo, na matokeo yake ni rezini isiyokomaa kamwe, inayobaki laini ndani hata baada ya majuma. Dawa ya joto ni kuchanganya kidogo kidogo, nusu kilo kwa mara moja, na kuimwaga katika chombo kipana kisicho na kina, kwa sababu rezini iliyorundikana ndani ya kopo hujipasha moto yenyewe, hutoa moshi, na hugandia mkononi mwako. Fanya kazi kivulini, baada ya umande kukauka hadi kama saa nne asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni.

Onyo la kwanza: mahali pengine rezini huuzwa pamoja na vichupa viwili, yaani kobalti na hadina. Kobalti huchanganywa kwanza katika rezini yote hadi ipotee, ndipo hadina inafuata. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata kwa tone, wala zisipimwe kwa kikombe kimoja, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Onyo la pili: tone la hadina likiingia jichoni linaweza kukupofusha, hivyo miwani si hiari, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Onyo la tatu: usibandike zaidi ya tabaka mbili au tatu kwa mkupuo, kwa sababu joto linalozalishwa hupindisha ganda.

Faiba ya zamani lazima ikwanguliwe hadi ionekane nyeupe na yenye mikwaruzo, kingo zichongwe kwa mteremko mrefu badala ya kukatwa wima, na kila kitu kifutwe kwa asetoni. Mbao ipakwe rezini kwanza, pande zote pamoja na kingo, na zaidi ya yote ndani ya kila tundu la skrubu, kwa maana maji yaliyoiua boti hii mara ya kwanza yaliingia kupitia matundu ya aina hiyo.

Hatua ya 7. Pampu.
Impela, yaani panga za pampu zinazosukuma maji, huzunguka ndani ya ringi, na nafasi kati yao kwenye pampu nzima ni chini ya milimita moja. Mchanga huikuza nafasi hiyo, na ikishakua, pampu huteleza kama klachi iliyokwisha: injini inalia, boti haiendi. Pima kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) pande zote nne. Kingo za impela zilizolika zinaweza kujazwa kwa kuchomelewa na kukerezwa upya katika karakana za Gerezani, mradi fundi aisawazishe uzito baadaye. Beringi na sili zina namba zilizochongwa ubavuni, kwa hiyo ukifika dukani usiulize beringi ya boti, uliza namba. Hata hivyo, beringi inayobeba msukumo wa boti nzima usiinunue ya bei rahisi.

Hatua ya 8. Injini na mafuta.
Toa plagi, mimina mafuta mepesi katika kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono kwa kutumia spana kwenye boliti ya krenki. Usitumie stata kulazimisha injini iliyokwama. Mipira yote ya petroli ibadilishwe.

Watu hujaribu kubana matumizi hapa kwa kufunga stata, altaneta na kabureta za gari, na nawasihi wasifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari huanguka barabarani na kupotea, katika boti hutuama ngamani. Vifaa vya boti vimezibwa ili cheche zisitoke, na kabureta ya boti imeundwa ili ikifurika, petroli iingie ndani ya injini badala ya kumwagika nje. Funga feni ya kutoa hewa ngamani na uiwashe dakika 4 kabla ya kila kuwasha injini. Kama fedha haitoshi, acha viti na redio.

Hatua ya 9. Rangi huja mwisho, na rangi ya kawaida ya boti inatosha.

Hatua ya 10. Majaribio.
Nenda asubuhi kabla upepo haujaongezeka, maji yakiwa yamejaa, mkiwa wawili, na jaketi okozi mwilini. Usikanyage mafuta mahali ambapo maji hayafiki kiunoni, kwani pampu itavuta mchanga. Tena shika hili: boti ya jeti hugeuka kwa nguvu ya maji inayoyarusha, hivyo ukiachia mafuta umepoteza usukani, hata ukizungusha vipi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mbagala: Mkuu, hadina naweka kiasi gani? Naomba jibu la haraka, rezini iko tayari kwenye ndoo.

Jibu: Hatua ya 6, aya ya kwanza. Na kama umejaza ndoo, irudishe kwenye galoni kabla hujaweka chochote.

Binti wa Kunduchi: Shikamoo mwalimu. Nimeelewa kwamba ukiachia mafuta usukani unapotea. Je, mtu anayeona mtumbwi mbele yake ghafla afanye nini, maana silika ni kuachia?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kufikiri hadi huko. Silika hiyo ndiyo inayogongesha watu. Afanye kinyume: azungushe usukani huku akiendelea kukanyaga mafuta kiasi, boti igeuke, ndipo apunguze. Kikombe cha kurudisha nyuma kilicho tezi huelekeza maji mbele, lakini ukikishusha ghafla katika mwendo mkali omo (mbele ya boti) inaweza kuzama na abiria wakarushwa. Fanya mazoezi mahali pa wazi, tupa dumu tupu majini na ujifunze kulikwepa, kwanza polepole kisha kwa mwendo.

Nahodha Mpya: Nilibandika usiku, manyunyu yakawapo, na leo siku ya nne juu bado panananata. Nadhani somo lako lina kasoro, au rezini ni feki.

Jibu: Somo limesema kivulini, baada ya umande kukauka. Halikusema usiku katika manyunyu. Hata hivyo, kunata kwa juu peke yake ni kawaida, kwa kuwa hewa huzuia poliesta isiyo na nta kukomaa usoni. Chomeka ukucha au msumari: kama chini yake ni pagumu, futa kwa asetoni, piga msasa, uendelee. Kama msumari unazama, bandua yote.

Seremala wa Ilala: Kwa nini usipendekeze epoksi? Inashika mbao vizuri zaidi.

Jibu: Ni kweli inashika vizuri zaidi, na mwenye uwezo aitumie kwenye ubao wa tezi. Sababu zangu ni mbili: bei, na ukweli kwamba mati nyingi za nyuzi zilizokatwakatwa zimeunganishwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, si na epoksi, hivyo hazilainiki wala hazifuati kona. Ukichagua epoksi, tumia kitambaa kilichofumwa. Pia ukishaipaka usirudi kwenye poliesta juu yake, kwani haitashika sawasawa.

Mjukuu wa Fundi: Babu yangu aliunda mashua, naye alikuwa akipiga kalafati (kuziba nafasi za mbao) kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, kisha deheni, yaani mafuta na chokaa, chini. Je, vinaweza kusaidia kwenye nyufa za faiba?

Jibu: Kwenye mashua ya mbao ufundi huo haujapata mpinzani, kwa sababu mbao huvimba na kuibana pamba. Faiba haivimbi, na mafuta yakishaingia katika ufa, hakuna rezini itakayoshika hapo. Lakini umrithi babu katika kusikiliza mbao kwa nyundo, maana hatua yangu ya 1 ni kazi yake.

Binti wa Kunduchi: Nina swali la pembeni. Mwani na mifuko ya plastiki hutusumbua sana. Ikinasa kwenye wavu tufanyeje?

Jibu: Utaijua kwa injini kulia juu huku mwendo ukishuka. Zima injini, toa ufunguo uuweke mfukoni, ndipo ufungue kifuniko cha mkono juu ya pampu na kutoa takataka, ikiwa kifuniko hicho kiko juu ya usawa wa maji. Kama kiko chini, rudi ufukweni. Mkono usiingie huko injini ikiwa hai, hata kwa nukta moja.

Mvuvi wa Kigamboni: Nyongeza kwa wenzangu: fungeni vipande vya zinki kwenye pampu. Ya kwangu ni ya aluminiamu na impela ya chuma kisichoshika kutu, na chumvi ilianza kuila aluminiamu.

Jibu: Asante, kaka, hilo lilipaswa kuwamo katika hatua ya 7. Zinki huliwa kwanza badala ya pampu, hivyo isipakwe rangi, na ibadilishwe ikifika nusu. Nami naongeza la kuosha: kila ukitoka baharini, unganisha mpira wa maji baridi (yasiyo na chumvi) kwenye mfumo wa kupoozea, washa injini kwanza ndipo ufungue bomba, na wakati wa kumaliza funga bomba kwanza ndipo uzime injini, la sivyo maji yanaweza kurudi ndani ya silinda kupitia ekzosi. Baada ya hapo fungua vizibo vya bloku, pande zote mbili, uache yachuruzike hadi ya mwisho.