Jinsi ya kuichukulia ndoto yako kifalsafa (na sio kutafuta tafsiri tu)

Wengi wetu tukiota kitu cha ajabu tunakimbilia kuuliza "hii ndoto ina maana gani", na mimi naona hapo ndo tunapoipoteza. Ndoto peke yake bado sio falsafa, inakuwa falsafa pale inapokuachia swali ambalo huwezi kulijibu harakaharaka.

Anza palepale unapoamka. Usishike simu, usigeuke hata upande, tulia hivohivo uirudie kichwani ukianzia mwisho kurudi mwanzo, halafu ndo uandike, maana ukisubiri mpaka umalize kupiga mswaki imeshayeyuka.

Ukishaandika, achana na vile vituko, tafuta kitu ulichokikubali bila kuhoji. Hapa ndo penyewe kabisa. Mimi niliota bibi ananifunga vifungo vya shati, vidole vyake vya baridi, kifungo cha juu kinamsumbua. Bibi alishafariki miaka mingi, na mle ndotoni nilikuwa najua kabisa amefariki, ila sikushangaa hata kidogo! Nimekuja kushangaa nilipoamka. Sasa kama akili hiihii inaweza ikameza jambo kama lile bila kustuka, leo nikiwa macho ni mangapi nayameza vilevile?

Hilo swali lina wazee wake. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1641 alijiona amekaa karibu na moto, kavaa joho, karatasi mkononi, akakumbuka kuna siku ameona hayohayo kumbe kalala kitandani, akasema haoni alama ya uhakika ya kutofautisha. Na karne kadhaa kabla yake al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alishaitumia ndoto kuyatilia shaka hata yale anayoyaamini akiwa macho.

Kama umeota umefanya ubaya ukaamka na aibu, jiulize hiyo aibu ni ya nani, Augustino, yule askofu na mwanafalsafa wa Kikristo wa kale, naye alihangaika nalo hilo.

Mwisho lipime swali lako: mwulize mtu bila kumsimulia ndoto. Likihitaji ile stori ndo lieleweke, bado halijaiva, rudi kwenye maandishi yako. La kwangu nilimwuliza rafiki, akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Sawa, ila hata huko kushangaa, nani kakwambia hukuota?"