Namna ya kushika seli T mu kichwa bila kukariri

Kila wakati wa enterogasio, wadogo benye banasomea afya hapa Goma banakujaka kuniuliza ile shapitre ya seli T, zile seli nyeupe za damu zenye zinalinda mwili; kaye zimejaa CD4, CD28, CD80, majina kama plaki za moto, na mu kichwa hamuna kitu. Mi pia nilikuwaka vile, nilipata 3 ku 10. Basi fanyeni hivi.

Weka silabus pembeni. Kamata karatasi moja na biki mbili, ya bleu na ya nyekundu. Chora mfupa, chora kifua, kisha chora kale kavimbe kenye kanatokaka ku kinena ukijikata mguu ku mawe ya volkano. Mu mfupa njo seli T inazaliwa. Mu kifua, nyuma ya ule mfupa wa katikati, kuko tezi inaitwa timusi, kule njo inasomea, na ni masomo ya hatari juu karibu zote zinafia kule: yenye haijui kusoma kitambulisho cha mwili inakufa, yenye inataka kupiga mwili wenyewe nayo inakufa. Kazi ya timusi ilionyeshwa na Jacques Miller mu 1961 tu, mbele ya pale batu walikuwa banaiona kama nyama ya bure.

Sasa kale kavimbe, gangliyo, njo fasi ya mambo yote. Tuseme umekanyaga musumari kule Birere. Ku ngozi kuko seli dendritiki, inameza mikrobe, inaikatakata, inaweka kipande kimoja inje ku ka sahani kanaitwa MHC, inafunga safari mpaka ku gangliyo, kule inakipitisha mbele ya seli T maelfu mpaka ipatikane yenye resepta yake, ni kusema kishikio chake, inaingiana nacho. Ile ni alama ya kwanza.

Na hapa njo batu banaanguka: alama ya kwanza peke haitoshi! Munajua vile inakuwaka usiku mu kartie. Ukiona tu mutu haumjui ku parseli ya jirani, unasema labda ni mugeni, unarudi kulala. Lakini masufuria zikianza kupigwa na firimbi zinalia, pale njo unatoka na fimbo. Sufuria njo CD80 na CD86, seli dendritiki inazitoa kwa wingi wakati imesikia mikrobe kweli, na sikio ya seli T njo CD28. Seli T ikiona sura bila kusikia sufuria, inalala na haiamuke tena kirahisi, banaita anerji. Ile sufuria uichore na nyekundu, prof anapendaka kuiuliza. Alama ya tatu ni sitokini, ujumbe wenye seli zinatumiana, ile ni shefu wa avenyu mwenye anasema mupite njia gani, tusikawie pale.

Seli T ikiamka, inatengeneza IL-2, sitokini ya kuisukuma izae, inagawanyika, moja inazaa maelfu, njo maana kavimbe kanauma na njo maana mara ya kwanza mwili unachukua kama wiki moja mbele ya kupiga vizuri.

Seli T kubwa ziko aina mbili, CD4 na CD8, na sahani MHC nazo ziko mbili, ya 1 na ya 2. Nani anaangalia sahani gani? Tumia hesabu ya 8: CD4 mara MHC ya 2 ni 8, CD8 mara MHC ya 1 ni 8. CD8 njo muuaji, inajibandika ku seli yenye virusi ndani, inaitoboa na perforini, inaingiza granzimu, na ile seli inajiua yenyewe. CD4 kazi yake sana ni kutuma bengine: inasaidia seli B kutengeneza antikore, zile silaha za kujibandika ku mikrobe, inapa makrofaji, seli za kumeza mikrobe, nguvu ya kumaliza mikrobe ya kifua kikuu. Sasa unaelewa juu ya nini VIH, virusi ya ukimwi, ikishusha CD4 chini ya 200 mu mikrolita ya damu, magonjwa zenye zilikuwa zimelala zinaamka.

Na sisi benye tuliona Ebola ya 2018 mpaka 2020 tunashika upesi: ile virusi inaanzaka na kuingia mu makrofaji na mu seli dendritiki zenyewe, ni kusema mwizi anakamata kwanza ule wa kupiga sufuria.

Ukitaka kuona seli T na macho, enda ku staji siku banafanya testi ya tuberkulini, ile ya kutafuta kifua kikuu. Banachoma kidogo ndani ya ngozi ya mukono, kesho yake usihukumu kitu. Rudi kisha saa 48 mpaka 72, pitisha kidole: kama kuko kagumu, ni seli T za kumbukumbu zimefika na zimeita makrofaji. Ata chanjo ya BCG inaweza kukaleta. Pima kagumu kwa milimita, usipime wekundu. Mi nilipima wekundu mbele ya daktari na bagonjwa bote, akaniambia nitoe bluzi niende nyumbani.