Jinsi ya kuuingiza mradi wa maji wa kijiji chenu kwenye bajeti ya kaunti ya Lamu

Mwaka jana nilikaa na kamati ya maji ya kijiji kimoja kisiwani Pate. Walikuwa wameomba mara tatu jabia lao, yaani birika la kuwekea maji ya mvua, litengenezwe, na kila mara wakaambiwa fedha zimekwisha gawanywa. Hawakudanganywa. Walikuwa wakienda Mei.

1. Tafuteni mradi wenu kwenye mpango wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023–2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza kutenga fedha za umma nje ya mipango. Jina la kijiji lisipokuwamo, tafuteni kipengele kipana mnachoweza kuingia chini yake, kama ukarabati wa vyanzo vya maji.

2. Shikeni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka kiwango cha kila idara, ni kabla ya 28 Februari. Makadirio ni 30 Aprili. Kwa hiyo ombi la maji lifike Julai au Agosti, kwa bajeti itakayoanza Julai ya mwaka unaofuata.

3. Pelekeni majibu ya maabara. Hapa ndipo tulipopoteza wiki mbili. "Maji yetu mabaya" kila kijiji kinasema. Afisa anayepanga nani aanze anahitaji kitu cha kulinganisha. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa: ndani ya mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata kijidudu kimoja cha E. koli, kile cha kinyesi.

Tatizo ni bahari. Sampuli ya vijidudu inafaa ifike maabara ndani ya saa 6, ikiwa kwenye barafu na gizani. Ikipita saa 24 haifai tena. Na vijiji vingi vya Pate, chombo hakiingii wala hakitoki ila maji yakijaa. Mara ya kwanza tulichota alfajiri, maji yakapwa, tukakwama matopeni mpaka adhuhuri, barafu ikayeyuka. Maabara wakazikataa chupa, na walikuwa na haki.

Mara ya pili nilimwendea nahodha kwanza. Akanipa saa ya maji kujaa, nikahesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kuchota. Msichote Ijumaa, sampuli zisije zikangojea wikendi. Chupa iwe ya maabara, na msiisuuze, maana dawa iliyomo ni ya kuzima klorini. Chupa ya maji ya dukani siikubali hata ikiwa mpya. Kidole kisiguse mdomo wa chupa.

Pimeni mara mbili. Chumvi ipimwe mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa tatu, visima vikiwa vimechoka. Vijidudu vipimwe masika, mvua inapoteremsha uchafu wa vyoo. Aliyepima mwezi wa tatu peke yake ataambiwa maji yana chumvi tu. Na kwa chumvi tumieni kipimo cha mkononi, si ulimi. Mzee aliyekunywa kisima kimoja miaka sitini atawaapia kwamba maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi.

4. Andikeni ukurasa mmoja. Kaya ngapi, dakika ngapi za kwenda na kurudi, wagonjwa wa kuhara waliomo kwenye daftari la zahanati (idadi tu, bila majina), gharama, na nani atakayelitunza jabia. Maafisa waliulizia zaidi hilo la mwisho, kwa kuwa mradi usio na mtunzaji huwarudia baada ya mwaka. Mimi napendelea kukarabati jabia lenye paa na kichujio kuliko kuomba mashine ya kuondoa chumvi: jabia fundi wa hapa hapa analiziba kwa saruji, mashine ikiharibika mnangoja kipuri. Tajeni kifungu cha 43 cha Katiba, kinachotaja maji safi na salama kuwa haki, ila kwa mstari mmoja tu.

5. Nakala tatu: idara ya maji, mwakilishi wadi, na karani wa bunge. Kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

6. Bajeti ikipitishwa, someni mstari wenu. Mstari huo ukisema "ukarabati wa majabia" na jina la wadi tu, andikeni barua siku hiyo hiyo kuomba jina la kijiji liwekwe. Sisi tuliandika, na likawekwa.